Shofere Aliyepanda Mpaka Nyuma ya Jiko Langu

Sijawahi kumwalika Shofere nyumbani kwangu hata mara moja. Viwanja vyetu hapa Kasongo vimegusana, bila ukuta wala senyenge, na kwa miaka yote ya ujirani wetu alikuwa anavuka anapotaka, macho yakiwa yameshatangulia kwenye vyungu vyangu vya maua. Niwe nafua, niwe nanyonyesha, niwe nagombana na mume wangu kwenye simu, kwake yote mamoja. Alikuwa anachuchumaa, anainua jani kwa kidole kimoja, kisha anashusha pumzi ndefu.

"Mama Furaha," ananiuliza, "huyu mutu umemufanya nini?"

Mtu mwenyewe ni mmea. Binadamu alikuwa hawasalimii mpaka amalize kukagua majani, na watoto wangu walijifunza mapema kwamba ukitaka Papa Shofere akujibu, kasimame karibu na kroton.

Mtaa mzima tulimwita Shofere kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya mpaka lori likamshinda. Aliendesha barabara ya Kabambare, ile ambayo wakati wa mvua inaweza kukushika porini mpaka unga ukuishie. Madereva wengine wakikwama walicheza karata au walilala chini ya gari. Yeye alizunguka kwenye nyumba za watu kuangalia wamepanda nini mlangoni. Akiona kichaka chenye maua mazuri anaomba kijiti, anakifunga kwenye gunia bichi, anakiweka nyuma ya kiti chake. Abiria walilipa nauli wakakaa juu ya mizigo wakinyeshewa, na vijiti vilisafiri ndani pamoja na dereva. Marehemu mke wake alinisimulia kwamba safari moja alirudi bila sabuni aliyotumwa, bila chumvi, bila kiatu cha mguu mmoja, lakini na vichipukizi vya yasmini vimeviringishwa ndani ya shati lake.

Ndiyo maana hakuna mmea wake wenye jina ambalo mtu mwingine angeweza kulitumia. Kila mmoja aliuita kwa mkasa wa mahali alipokwama. Haibiskasi nyekundu iliitwa Matope ya Wamaza. Alamanda ya manjano, iliyopanda mpaka juu ya bafu lake, iliitwa Nyangwe, kwa sababu aliichukua huko akingojea mtumbwi umletee kipuri. Kroton yenye madoa iliitwa Ekseli. Ukithubutu kumuuliza, "Papa Shofere, hii inaitwaje?" umekwisha. Atakueleza mzigo ulikuwa wa nini, ekseli ilivunjika upande gani, mama gani aliwapikia sombe ya majani ya muhogo, na jina la mmea hutalipata. Nimeunguza maharagwe mengi kwa sababu ya Ekseli.

Siku moja nilifanya kosa la kwenda naye kununua maua. Kulikuwa na mama mmoja karibu na misheni aliyeuza miche kwenye makopo, na mimi nilitaka haibiskasi ya waridi ya kuweka mbele ya nyumba, iliyochanua, nzuri, ya kuwaumiza macho majirani. Shofere hakuangalia maua hata kidogo. Alilala chini mbele ya watu wote, kanzu na yote, akaanza kutazama majani kwa chini.

"Mutu hanunue gari juu ya rangi," alisema akiwa hukohuko chini. "Lala, uangalie mu chini."

Kwa chini kulikuwa na vidudu vyeupe vimejipanga kwenye mishipa ya majani. Akahamia kwenye mche wa pili, akaupindua, akauchomoa kwenye kopo kuangalia mizizi, mwenye biashara anapiga kelele. Mizizi ilikuwa imejizungusha kopo zima, akaurudisha akitikisa kichwa. Mwishoni aliniokotea mche mmoja uliokuwa pembeni kabisa, mfupi, bila ua hata moja, na majani ya kuhesabika.

"Ile yenye kuchanua imekwisha kukimbia mbio yake. Kamata hii. Mafuta iko bado mu tanki."

Nililipa, nikabeba kitu kama fagio lililochakaa, na njia nzima sikumsemesha. Mvua zilipokuja fagio lilichanua mpaka wapita njia wakasimama. Hilo liliniudhi zaidi, maana Shofere alikuja akalitazama, akacheka kwa puani, akarudi kwake.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa wa maji. Mimi ni mtu wa huruma; nikiona udongo umekauka, mkono unaenda kwenye ndoo. Kwake huo ulikuwa uuaji. Alitaka nichomeke kidole kwenye udongo kwanza, mpaka kiungo cha pili, na kama bado kuna ubichi niende zangu. Alitoboa matundu chini ya makopo yangu yote kwa msumari wa moto, hata lile nililokuwa nimeweka kando kwa ajili ya mafuta ya kupikia.

"Maji mingi iko sawa na kukanyaga mafuta mu matope," aliniambia. "Unaona kama uko nasaidia gari, kumbe uko naizika."

Na yeye mwenyewe je? Ni Mwislamu wa kuswali swala zote, na kila alipotaka kutawadha alibeba birika mpaka kwenye mmea aliouona una zamu, akachuchumaa juu yake, akaosha mikono, uso na miguu hapo, maji yote yakaanguka kwenye shina. Alfajiri yasmini, adhuhuri Nyangwe, na kuendelea hivyo. Mmea usiohitaji maji aliuruka. Siku ambazo bustani yote ilikuwa imeshiba, alivuka kwangu na birika lake. Nimewahi kuwa na wageni wa kanisa sebuleni, mchungaji akiwa anafungua sala, na mzee wa watu yuko mlangoni anaosha miguu juu ya bugenvilia yangu. Nilipomlalamikia alishangaa kwelikweli. Alisema bugenvilia ndiyo ilikuwa inastahili kulalamika, kwa sababu yenyewe inapenda kiu, na yeye alikuwa amekosea hesabu.

Kutoa alitoa. Hakuna nyumba mtaani isiyo na kijiti chake. Lakini kila alichotoa kiliendelea kuwa chake. Alipita akikagua, na akikuta mmea wake umefungwa mbuzi au umemwagiwa maji ya sabuni ya moto, aliung'oa akarudi nao nyumbani bila kukuuliza. Shefu wa kartie, yaani mkubwa wa mtaa wetu, alinyang'anywa bugenvilia mbele ya wageni kwa kosa la kuitundikia nguo. Kwenye harusi ya mdogo wangu, Shofere alikuja amependeza, akala wali, kisha akaona kwamba meza ya maharusi imepambwa kwa matawi ya mfurahani wake, ule wenye maua meupe ya kunukia. Aliinuka, akayakusanya matawi yote kuanzia mkono wa bwana harusi hadi mkono wa bibi harusi, akaondoka nayo. Akayaacha kivulini mpaka yale maziwa ya kwenye kidonda cha tawi yakauke, akayapanda. Yalishika yote. Nusu ya mifurahani ya mtaa huu ni watoto wa ile meza, na mdogo wangu hajamsamehe mpaka leo.

Kinachonichosha zaidi nikimfikiria ni kwamba uvumilivu huo wote uliishia kwenye majani. Kroton ikimwaga majani kwa sababu imehamishwa, aliingoja miezi, akisema ina hasira, tusiisumbue. Mtu akichelewa kujibu salamu, alimkata, asimsemeshe tena. Ana mtoto mmoja tu aliyebaki hai, mwanamume, mfanyabiashara kule Kindu, na huyo nilimsikia akikemewa kwenye simu yangu kila alipopiga. Alipiga kwangu kwa sababu simu ya Shofere ilianguka ndani ya pipa la maji ya maua na mzee akakataa kununua nyingine. Kijana anauliza hali, baba anauliza kwa nini anaongea haraka. Kijana anasema atatuma dawa, baba anasema dawa gani, mimi si mgonjwa. Akinirudishia simu, husimama hapo kidogo, ananiuliza kama kuna siku ambayo kijana amepiga na mimi sikumwambia.

Sasa niwaeleze hiyo habari ya mpaka.

Kaka yangu alitoka Bukavu akaniletea mmea wa saloni, yaani wa kupamba sebule, kwenye chungu cha plastiki cheupe, wenye majani marefu yanayoinama kama ya mahindi, kijani na mstari wa njano katikati. Niliuweka pembeni ya televisheni, kwenye kona ya giza, kwa sababu ndipo ulipopendeza. Niliunywesha kila siku. Na ili majani yang'ae wageni wakija, niliyapaka mafuta ya mawese, kidogo tu, kwa kitambaa. Shofere alipoingia akaona, alishika kichwa.

"Mama Furaha! Umemupaka mawese? Unataka kumukaanga?"

Nilimwambia huu si wa kwake, umetoka kwa kaka yangu, aniachie. Akaenda. Kesho yake nilitoka kwenda sokoni kuuza vitenge, nikarudi nikakuta kona tupu. Alikuwa ameuchukua, ameuosha majani kwa maji ya vuguvugu, ameupanda ardhini nyuma ya jiko langu, upande unaotazama nyumba yangu, kwenye kivuli cha asubuhi, panapopita maji ya kuoshea vyombo. Nilimtukana vizuri. Mmea nao, bila aibu, ukaanza kunenepa. Ulipokuwa mrefu alikuja na kisu akaukata kichwa, akakata na shina vipande vipande, akavipanda vyote kwa mstari mmoja kutoka jikoni mpaka chooni, umenyooka kabisa, kwa sababu hakuweza kuvumilia kitu kilichopinda. Ukapendeza. Nikachoka kugombana, nikauacha.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Wamaza. Alikuja kutusalimia, akapelekwa jikoni, akatoka nyuma kumwaga maji, akasimama.

"Nani alipanda mpaka hapa?"

"Mama, si mpaka. Ni maua ya saloni, ya Bukavu."

"Saloni gani? Ya kwetu iko kijani yote, hii imevaa mistari, lakini ni ndugu moja. Jiko yako iko kwa jirani, mwanangu."

Nilijua anachosema, sote tunajua. Kijijini, familia mbili zikipatana juu ya shamba, wazee hupanda mmea huo kwenye mstari, watu wakiona, na kuanzia hapo hakuna wa kuugusa. Haufi kwa jua, haufi kwa moto, ndiyo maana ulichaguliwa. Ni aliyeupanda tu anayeweza kuung'oa, tena hadharani. Mwingine akiung'oa, amejitangazia ugomvi ambao wajukuu wake wataurithi. Mimi nilikuwa nimeutazama miaka yote pale nyuma ya jiko, nikaona mmea wa saloni tu, kwa sababu ulikuja kwenye chungu cheupe. Nikamkimbilia Shofere. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mpaka haina mustari ya njano. Mpaka gani inaruka mu hewa na avio toka Bukavu?"

Nikamwomba auhamishe. Akasema mizizi imeshapumzika, si vizuri kuisumbua.

Baadaye mwanawe akaja kutoka Kindu. Alitaka kujenga depo kwenye kiwanja cha baba yake, nyumba ndefu ya matofali ya kuwekea bidhaa zinazokwenda kwa wachimba dhahabu wa Salamabila. Simlaumu, ni wazo zuri, na alikuwa ameahidi kumwezekea baba yake nyumba kwa mabati mapya na kumchukua aishi naye Kindu mvua zikizidi. Alipima, akaona nafasi haitoshi, akazunguka nyuma, akaona ile mistari ya njano imejipanga. Alilelewa hukuhuku, hakuhitaji kuelezwa. Alikwenda kumwita shefu wa kartie.

Nilirudi kutoka sokoni nikakuta watu wamejaa nyuma ya jiko langu. Jiko na choo vyote vilikuwa upande wa pili wa mstari, upande wa Shofere. Shefu aliuliza nani alipanda. Majirani wakasema Shofere. Aliuliza kama alipanda kwa kificho. Wakasema hapana, mchana, sote tuliona, akatukemea tusikanyage. Aliniuliza kama nilikataa. Nikasema nilikataa, nilimtukana. Akauliza kama baada ya matusi niliung'oa. Nikasema sikuung'oa. Nilimpigia mume wangu aliyeko kwenye machimbo ya Salamabila, akaniambia wangoje mpaka atoke shimoni, kana kwamba watu hungojea. Karatasi za viwanja vyetu zote mbili hazisaidii. Zinasema tu kwamba kila mmoja anapakana na jirani yake.

Lile jiko nililijenga kwa matofali niliyoyafyatua mwenyewe. Nililia, siwezi kuficha, na nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Shefu akamgeukia Shofere. "Papa, wewe njo ulipanda. Ni mpaka ao si mpaka?"

"Si mpaka. Ni maua."

"Baba," mwanawe alisema taratibu, "fikiri mbele ya kusema."

"Nimefikiri. Nilihamisha huyu mumea juu mama huyu alikuwa namuua."

Nilitaka kumkumbatia na kumpiga kibao kwa wakati mmoja. Lakini shefu alitikisa kichwa. Alisema maneno hayatoshi, kesho atakufa mzee, mimea itabaki imesimama, na watoto watasoma mimea, hawatasoma maneno. "Kama ni mpaka, uiache. Kama si mpaka, uing'oe wewe mwenyewe. Yote. Sasa hivi, mbele yetu."

Shofere aliutazama ule mstari. Halafu, na hapa ndipo nilipoona nitapasuka, aliuliza kama inaweza kungoja mvua.

"Mutu hahamishe mumea na jua ya namna hii," alisema. "Itateseka."

"Papa Shofere!" nilipiga kelele. "Jiko yangu!"

Akanitazama kama mtu aliyeamshwa. Akaenda kwake, akarudi na jembe. Mwanawe akamfuata pembeni, akamshika mkono, na wote tulisikia alichosema kwa sababu sauti ilimtoka.

"Ukiing'oa, baba, mimi minaenda. Na sitarudia tena juu ya mambo ya hii kiwanja. Utabaki na majani yako."

Shofere hakuinua kichwa. Alianza na ule wa kwanza, wa karibu na jiko, ulioletwa na kaka yangu. Alichimba mbali na shina ili asikate mizizi, kama alivyotufundisha sote, na watu walimtazama mzee wa umri ule akichimba kwa utaratibu huo kitu anachokiua. Nilitaka kumwambia avute tu, amalize. Hakuna aliyemsaidia, kwa sababu hairuhusiwi. Alipofika katikati alikaa chini, akaendelea hivyo, anajisogeza kwa makalio kutoka mmea hadi mmea. Kabla hajafika chooni tulisikia pikipiki ya mwanawe ikiwaka mbele ya nyumba, kisha ikaondoka.

Shefu alisema sawa, jiko ni la Mama Furaha. Watu wakatawanyika. Shofere aliomba maji, akanawa, akaenda kwake bila kuangalia mimea iliyolala juani. Niliikusanya mimi, nikaitia kwenye ndoo.

Tangu siku hiyo hakuvuka. Nilipaswa kufurahi, na siku za kwanza nilifurahi. Nilimwagilia maji ninavyotaka. Halafu nikaanza kukasirika kwamba haji, kisha nikajikasirikia mimi kwa kukasirika. Nilimwona kwa mbali akitawadha juu ya udongo mtupu.

Juzi alikuja. Alipita kwenye vyungu vyote bila kuinama, hata kwenye yasmini iliyojaa vidudu ambavyo mimi mwenyewe nilikuwa nimeviona, akaketi kwenye kibao mlangoni. Amekonda. Nilimpa chai, hakuinywa. Akaniuliza kama simu yangu ina yuniti.

Nikatafuta namba ya mwanawe, nikabonyeza, nikampa. Aliiweka sikioni kwa mikono miwili.

"Iko naita," alisema.

Tulingoja. Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia upya, yeye na mwanawe na kaka yangu na Bukavu yote. Nilijua, na nadhani yeye pia alijua, kwamba kijana anaiona namba yangu. Simu ikakatika.

"Ataona pale atasimama," Shofere alisema. "Iko naendesha. Mutu mwenye kuendesha hashike simu."

"Ndiyo, Papa."

"Na njia ya Kindu imeharibika sana."

"Imeharibika sana, Papa."

Akanirudishia simu, lakini hakuinuka. Alitazama kule barabarani, akajifuta mikono kwenye kanzu ingawa haikuwa na udongo.

"Piga tena," akasema.

Nikapiga tena.